Richard Schirrmann: Mwalimu Aliyewafungulia Wageni Malango ya Ngome

Kazi ya ngome ni kumzuia mgeni. Ndiyo sababu hujengwa juu ya mwamba, ikazungushiwa kuta nene na kuachiwa lango moja tu, nalo jembamba. Ujerumani imejaa majengo ya aina hiyo. Yapo yaliyobaki magofu, yapo yaliyokarabatiwa yakapendeza, na kando ya mto Rhine yamesimama karibu karibu kiasi kwamba msafiri hajaipoteza ngome moja machoni kabla ya nyingine kuchomoza kilimani. Katika Enzi za Kati, nyingi za ngome hizo za mtoni zilikuwa mali ya makabaila waliotoza ushuru vyombo vilivyopita chini yake. Mpita njia asiye na cheo hakuwa na lake humo, labda gereza. Katika karne ya 20, hata hivyo, baadhi ya malango hayo yalifunguliwa kwa watu wasio na jina wala mali: wanafunzi, vibarua vijana na wasafiri wa peke yao waliobeba mikoba mgongoni. Aliyeyafungua hakuwa mwanamfalme wala mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Richard Schirrmann, ambaye dunia humtambua kuwa mwasisi wa hosteli za vijana.

Schirrmann alizaliwa tarehe 15 Mei 1874 katika kijiji cha Grunenfeld, Prusia ya Mashariki, eneo ambalo sasa limo nchini Poland. Baba yake alikuwa mwalimu, na mwana akazifuata nyayo za baba. Utoto wake ulikuwa wa mashambani, na yamkini hapo ndipo palipochimbuka imani iliyomwongoza maisha yake yote, kwamba mtoto hujifunza kwa miguu na macho kabla hajajifunza kwa kitabu. Mwaka 1901 alihamia Gelsenkirchen, mji wa migodi ya makaa ya mawe katika eneo la Ruhr. Alichokikuta huko kilimhuzunisha. Watoto wa wachimba migodi waliishi katika vyumba vilivyosongamana, wakavuta hewa iliyojaa masizi, na wengi wao walikuwa wakisoma habari za misitu na mito bila kuviona vitu hivyo karibu.

Schirrmann akaanza kuwatoa darasani. Jiografia ilifundishwa mlimani, na elimu ya viumbe ikafundishwa kando ya kijito. Siku za leo mtindo huo huenda usimshangaze mtu, bali wakati ule shule ya Kijerumani ilikuwa mahali pa kukaa kimya na kuketi wima, na mwalimu aliyekuwa akizurura na wanafunzi wake vichakani alitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1903 alihamia Altena, mji mdogo uliobanwa katika bonde la mto Lenne, katika milima ya Sauerland. Wenyeji wa Altena walikuwa mafundi wa kuvuta nyaya za chuma, kazi iliyoulisha mji huo kwa karne nyingi. Juu ya mji, kwenye ukingo wa mlima, ilisimama ngome ya tangu karne ya 12 iliyokuwa makao ya makabaila wa ukoo wa Mark. Mwalimu mpya aliiona ngome hiyo kila siku alipokwenda kazini. Bado haikuwa imemhusu.

Ni lazima ikumbukwe kwamba Schirrmann hakuwa Mjerumani wa kwanza kuwapenda vijana waendao kwa miguu. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Berlin walikuwa wameanzisha vuguvugu la Wandervogel, yaani ndege wahamao. Walitembea nchi nzima wakiimba na kulala walikojaliwa. Hata nyumba za kulala wanafunzi waliokuwa safarini zilikuwapo: huko Bohemia, Guido Rotter alikuwa amezianzisha tangu mwaka 1884. Lakini nyumba hizo zilikusudiwa wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo, na katika Ujerumani ya Kaisari hao walikuwa watoto wa wenye nafasi. Mtoto wa mvuta nyaya aliyesoma shule ya kawaida hakuhesabiwa. Akienda safari ya siku mbili, usiku ungemkuta ama ghalani kwa mtu, ama nyumba ya wageni ambayo baba yake hangeweza kuilipia. Hapo ndipo penye tofauti ya Schirrmann na waliomtangulia. Kilichomshughulisha ni mlango, na nani aliyeruhusiwa kuupita.

Mwezi wa Agosti 1909 aliwaongoza wanafunzi wake katika safari ya siku nane kutoka Altena hadi Aachen, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Tarehe 26, walipokuwa katika bonde la Bröl, mbingu zilifunguka. Radi zilipiga, mvua ikanyesha kwa kishindo, na kundi zima la watoto likawa halina pa kujikinga. Walikosa ghala la kulala. Mwishowe walipata hifadhi katika shule ya kijiji, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu ya likizo. Madawati yalisogezwa pembeni, majani makavu yakatandazwa sakafuni, na wavulana waliochoka wakalala fofofo huku dhoruba ikiendelea kunguruma nje. Mwalimu wao hakulala. Usiku huo aliutumia kufikiri, na alichokifikiri ni jambo jepesi mno kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini halikuwa limefikiriwa zamani.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kila kijiji kikubwa cha Ujerumani kilikuwa na shule. Kila shule ilibaki tupu wakati wa likizo, na likizo ndio wakati ambapo vijana husafiri. Basi kama shule moja kwa kila mwendo wa siku moja ingetoa chumba au viwili, vikawekewa magodoro ya majani makavu, nchi nzima ingeweza kutembewa kwa miguu na mtoto yeyote, awe tajiri au maskini, bila ya gharama kubwa wala majengo mapya. Kilichohitajika ni walimu wa kufungua milango na mtu wa kuwashawishi. Schirrmann alianza na shule yake mwenyewe ya Nette, pale Altena, ambayo darasa lake liligeuzwa bweni wakati wa likizo. Mwaka 1910 aliandika makala katika gazeti la Cologne akilieleza wazo hilo kwa taifa. Miongoni mwa walioguswa alikuwa Wilhelm Münker, mwenye kiwanda kutoka Hilchenbach. Wawili hao walifanana kwa machache sana. Schirrmann alikuwa mwenye maono, msemaji hodari, mtu wa kuwasha moto nyoyoni. Münker alikuwa mtu wa daftari na takwimu. Pengine bila Münker ndoto ya bonde la Bröl ingeishia kuwa makala ya gazeti.

Wakati huohuo ngome ya Altena ilikuwa ikijengwa upya. Kwa muda mrefu ilikuwa imeshuka hadhi, ikatumika kuwa nyumba ya mafukara, gereza na hospitali. Mkuu wa wilaya, Fritz Thomée, alitaka irudishiwe fahari yake ili kuadhimisha miaka 300 tangu eneo la Mark liingie chini ya himaya ya Brandenburg mwaka 1609. Mpango huo ulizua mabishano makali baina ya wasanifu na wanahistoria, kwani wapo waliosema kwamba gofu la kweli lina thamani kuliko ngome ya kubuniwa. Mabishano hayo yana uzito wake. Ila matokeo yake hakuna aliyeyatazamia. Mwaka 1912, ndani ya jengo lililokusudiwa kutukuza wafalme, ilifunguliwa hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana duniani, na msimamizi wake wa kwanza akawa Schirrmann.

Vyumba vilikuwa vya kawaida kabisa. Vitanda vilikuwa vya mbao nzito, vimepandana tabaka tatu. Kulikuwa na ukumbi wa kukaa, jiko na mahali pa kunawia. Msimamizi hakuitwa meneja wala bwana mkubwa. Wajerumani walimpa jina la baba wa hosteli, na mkewe akawa mama wa hosteli, majina ambayo yalidumu kwa vizazi. Katika majina hayo limo jambo ambalo msomaji wa Kiafrika atalitambua upesi: aliyeingia hakupokelewa kama mteja, alipokelewa kama mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hupewa ufagio. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyonena wahenga wetu, lakini katika hosteli za Schirrmann jembe lilitolewa siku ya kwanza. Aliyelala ndiye aliyetandika kitanda chake, na aliyekula ndiye aliyeosha sahani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa na umri wa miaka 40. Alipelekwa upande wa magharibi, katika milima ya Vosges, ambako Wajerumani na Wafaransa walikuwa wamejichimbia katika mahandaki yaliyokaribiana mno. Krismasi ya mwaka 1915, kwenye kilele kiitwacho Bernhardstein, bunduki zilinyamaza. Askari wa pande mbili walikutana kupitia mahandaki yaliyoachwa, wakabadilishana vitu: Wafaransa wakatoa mvinyo na sigara, Wajerumani wakatoa mkate mweusi wa Westphalia, biskuti na nyama. Schirrmann aliyaona hayo na baadaye akayaandika. Kilichomsumbua si kwamba maadui walipatana, bali ni kwamba iliwalazimu kufikishwa vitani kabla ya kupata nafasi ya kuonana. Tangu hapo wazo la hosteli likapanuka kichwani mwake. Isiwe tena makao ya watoto wa Ujerumani peke yao, iwe mahali ambapo vijana wa nchi zilizopigana wangekutana mezani wakiwa wangali vijana.

Baada ya vita kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Chama cha taifa kilianzishwa mwaka 1919, na mwaka 1922 Schirrmann aliacha ualimu ili ajitolee kikamilifu kwa hosteli. Aliongeza jambo jingine pia: huko Staumühle, katika uwanja uliokuwa wa mazoezi ya kijeshi karibu na Paderborn, alianzisha kijiji cha watoto, ambamo wanafunzi wa mijini waliletwa kuishi na kuendesha mambo yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 hosteli za Ujerumani zilikuwa zaidi ya 2,000.

Nyingi zilikuwa nyumba za kawaida, shule na maghala. Zilizovuta macho, hata hivyo, ni zile za ngomeni. Bilstein na Freusburg zilipokea vijana. Hohnstein, huko Saxony, ilifunguliwa katika miaka ya 1920 ikawa miongoni mwa hosteli kubwa kupita zote nchini. Juu ya mji wa Bacharach, ngome ya Stahleck iliyobomolewa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689 ilianza kuinuliwa upya mwaka 1925, safari hii kwa ajili ya wasafiri. Msafiri wa peke yake aliyeshuka bonde la Rhine kwa miguu aliweza kuipanda njia ya mashamba ya zabibu jioni, akapita juu ya handaki la maji, akaonyesha kadi yake ya uanachama na kulipa senti chache. Ndani hakuwa peke yake tena. Chumba hakikuwa chake, meza haikuwa yake, na viazi vya chakula cha jioni vilimenywa na yeyote aliyekuwa karibu. Mwanafunzi wa chuo alimwosheshea sahani mwana wa seremala bila kumjua. Pombe na tumbaku havikuruhusiwa, na usiku taa zilizimwa mapema. Kwa mtu anayependa faragha, maisha hayo yalikuwa adhabu. Kwa msafiri mpweke yalikuwa dawa, kwa kuwa yalimlazimisha kuzungumza na asiowajua, na asubuhi aliondoka akiwa amepata mwenza wa njia au angalau habari za njia.

Wageni wa nchi jirani walioziona hosteli hizi walirudi kwao wakazianzisha. Uswisi, Poland, Uholanzi na Uingereza zikapata vyama vyake. Walimu wawili wa Kimarekani, Isabel na Monroe Smith, wakaupeleka mfumo huo Massachusetts mwaka 1934. Oktoba 1932 wajumbe wa vyama 11 walikutana Amsterdam kuunda umoja wa kimataifa, na Schirrmann akachaguliwa kuwa rais wake. Miaka mingi baadaye mtandao huo ulifika hata Nairobi, ambako hosteli ya vijana iliwekwa katika barabara ya Ralph Bunche.

Miezi michache tu baada ya Amsterdam, Hitler alishika madaraka. Sehemu hii ya maisha ya Schirrmann ndiyo ngumu zaidi kuisimulia, na waandishi wanaompenda huipita haraka. Mwaka 1933 hosteli zote za Ujerumani ziliwekwa chini ya umoja wa Vijana wa Hitler. Mtandao uliojengwa ili mtoto yeyote apate pa kulala ukawa chombo cha kuwafunza vijana utii na chuki, na vijana wa Kiyahudi wakafungiwa malango. Münker alijiuzulu. Schirrmann hakupambana hadharani. Alibaki na cheo cha heshima kisicho na nguvu, akitumaini kwamba ukaribu wake ungeokoa chochote kilichowezekana kuokolewa. Matumaini hayo yalikuwa ya bure. Utawala ulilihitaji jina lake ili mambo yaonekane hayakubadilika, naye kwa muda akauachia ulitumie.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana wazi mtu akiitazama Hohnstein. Mwezi wa Machi 1933 ngome hiyo, ambayo siku chache nyuma ilikuwa imejaa wasafiri, iligeuzwa kambi ya mateso ya wapinzani wa Wanazi. Zaidi ya watu 5,000 walipitishwa humo kabla ya kambi kufungwa mwaka 1934. Msimamizi wa hosteli, Konrad Hahnewald, alikuwa miongoni mwa wafungwa wa kwanza, akafungwa katika vyumba vilevile alivyokuwa akiwakaribishia wageni. Ngome ilikuwa imerudia kazi yake ya kale. Stahleck nayo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilitumiwa kuwazuilia wanafunzi wa Luxembourg ili wafinyangwe upya kifikra. Haifai kumlaumu Schirrmann kwa ukatili wa watu wengine, kwani hakuwa na jeshi wala chama. Lakini pia haifai kumfanya shujaa wa upinzani. Alikuwa mtu aliyeipenda kazi ya mikono yake kiasi cha kushindwa kuiacha, hata ilipokuwa si yake tena.

Hata hicho kidogo alichobakiwa nacho hakikudumu. Mwaka 1936 serikali ilimlazimisha ajiuzulu urais wa umoja wa kimataifa. Akajitenga, na tangu mwaka 1937 akaishi Grävenwiesbach, kijiji cha milima ya Taunus, mbali na Altena na ngome yake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, hosteli nyingi zilikuwa zimeteketea au zimejaa wakimbizi. Prusia ya Mashariki alikozaliwa haikuwa tena Ujerumani. Schirrmann, akiwa amevuka umri wa miaka 70, alirudi kazini. Mwaka 1949 chama cha hosteli kiliundwa upya huko Altena, na mwaka 1952 dola mpya ya Ujerumani Magharibi ikamtunukia nishani ya heshima. Katika miaka hiyo vijana wa Ufaransa walianza tena kuvuka mpaka, na wapo waliolala Stahleck, ndani ya kuta ambazo mababu zao walizibomoa kwa baruti. Yale aliyoyawaza Bernhardstein mwaka 1915 yalikuwa yamechukua vita viwili kutimia, tena kwa sehemu tu, kwa maana upande wa mashariki mpaka mwingine ulikuwa umeinuka, nao haukuvukwa kwa kadi ya hosteli. Alifariki dunia huko Grävenwiesbach tarehe 14 Desemba 1961, miezi minne baada ya ukuta wa Berlin kujengwa.

Vyumba vya mwaka 1912 vimehifadhiwa Altena vikiwa makumbusho, na vile vitanda vizito vya tabaka tatu vingalimo. Tangu mwaka 2014 wageni wanaweza kupandishwa ngomeni kwa lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba. Njia ya miguu ingalipo, nayo huanzia palepale mjini, kwa wale wanaopenda kufika wakitweta.